Kufu, Sitara na Tumbo: Juu ya Usomaji wa Hadithi Fupi za Waandishi wa Urithi wa Kiarabu na Kiislamu Mjini Nairobi

Makala haya yana shabaha moja. Tunataka kuonyesha kwamba hadithi fupi za Kiswahili zilizoandikwa na waandishi wenye urithi wa Kiarabu na wa Kiislamu, ambazo zimesomwa kwa wingi katika shule za Nairobi na za Kenya nzima, zimehakikiwa kana kwamba urithi huo haumo ndani yake. Na kwamba kwa kufanya hivyo wahakiki wetu wamezipunguzia hadithi hizo nguvu ile ile iliyozifanya zistahili kusomwa. Mfano wetu mkuu ni mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa na Longhorn mjini Nairobi mwaka 2016. Kati ya hadithi zake 13 tutashughulikia tatu: ile ya Said A. Mohamed iliyoupa mkusanyiko jina lake, "Ndoto ya Mashaka" ya Ali Abdulla Ali, na "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany. Hatutazigawia nafasi sawa, kwa kuwa hazistahili nafasi sawa.

Kabla ya kuendelea yatupasa kusema tunalitumiaje neno urithi. Hatulitumii kwa maana ya nasaba. Mjadala wa nani Mwarabu na nani Mswahili umekwisha kumaliza wino mwingi, na Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff, katika kitabu chao cha mwaka 1994 juu ya Waswahili, walionyesha jinsi swali hilo lilivyoumbwa na kupindwa katika mazingira ya ukoloni. Haituhusu hapa babu wa mwandishi alishuka katika jahazi gani, wala kama alishuka katika jahazi lolote. Urithi tunaoukusudia ni akiba ya maneno, desturi na hukumu ambazo mtu aliyelelewa katika jamii ya Kiislamu ya Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu huzikuta nyumbani kabla hajajua kusoma: kwamba aibu ya mtu isitiriwe, kwamba mume awe kufu ya mke, kwamba mgeni ana haki yake, kwamba mama huitwa kwa jina la mwanawe. Katika hadithi tunazozizungumzia mambo haya hayahubiriwi. Yamo katika mishono.

Pengine msomaji atauliza kwa nini tunaanzia Nairobi, mji wa bara usio na bahari. Sababu ya kwanza ni uchapaji. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitolewa hapa na East African Literature Bureau mwaka 1960. Mohamed Suleiman Mohamed alichapishiwa hapa Kiu mwaka 1972, Nyota ya Rehema mwaka 1976, na kisha mkusanyiko wake wa hadithi fupi, Kicheko cha Ushindi, mwaka 1978. Said A. Mohamed alitolewa Utengano hapa mwaka 1980. Mswada wa Kizanzibari umezoea njia ya Nairobi tangu zamani. Sababu ya pili, ambayo ndiyo kubwa zaidi siku hizi, ni mtihani.

Mwaka 2018 Tumbo Lisiloshiba iliingia katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, na kwa miaka iliyofuata kila mtahiniwa wa kidato cha nne nchini alilazimika kuijua. Mtahiniwa mwenyewe aghalabu alikuwa Mkristo wa bara ambaye hajapata kuona kadhi wala bandari. Kitabu kilipoingia, miongozo ilikifuata nyuma. Apitaye katikati ya mji kwenye kingo za Tom Mboya ataikuta imetandazwa juu ya gunia. Mwenye uwezo wa kwenda madukani Westlands ataikuta rafuni, safi zaidi na ghali zaidi, maneno yakiwa yale yale. Huko ndani mna muhtasari, dhamira, maudhui, wahusika na mbinu za lugha. Chini ya maudhui mna umaskini, ufisadi, elimu, utamaushi na nafasi ya mwanamke. Tusifichane, baadhi ya walioiandika ni walimu wa vyuo vikuu. Hatuna ugomvi na orodha hiyo kama orodha. Hapana shaka umaskini umo katika hadithi hizi. Ugomvi wetu ni kwamba orodha hiyo hiyo inaweza kubandikwa juu ya hadithi yoyote iliyoandikwa kusini mwa Sahara, na kitu kinachoweza kubandikwa popote hakijatwambia lolote juu ya mahali kilipobandikwa.

Na tuichukue "Ndoto ya Mashaka". Mashaka ni yatima aliyelelewa na Biti Kidebe. Anamwoa Waridi, binti wa Mzee Rubeya. Mzee Rubeya na jamaa yake, wasiweze kuivumilia aibu ya binti yao kuolewa na maskini, wanahama na kwenda Yemeni. Mashaka na Waridi wanabaki katika dhiki ya Tandale, wanazaa watoto wengi kuliko chumba, Mashaka anapata kazi ya ulinzi isiyotosha kuwalisha, na mwishowe Waridi anaondoka na watoto. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kuhama kwa Mzee Rubeya ni mfano wa "utabaka". Basi. Yemeni katika usomaji huo ni jina tu la mahali pa mbali. Lingeweza kuwa Kanada.

Lakini kwa msomaji wa pwani Yemeni haiwezi kuwa Kanada. Neno linalokosekana katika uhakiki wetu ni kufu. Kufu ni usawa kati ya mume na mke unaotazamwa kabla ya ndoa, na neno lenyewe ni la Kiswahili kwa kukaa, ingawa limetoka katika Kiarabu na katika vitabu vya fikihi. Waislamu wengi wa pwani yetu, kama walivyo watu wa Hadhramaut, hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo wanazuoni wameyataja mambo ya kutazamwa: nasaba, dini, uungwana, kazi ya mtu. Mali, kwa kauli yenye nguvu zaidi, haihesabiwi, kwa sababu mali huja na kwenda. Hapa ndipo hadithi inapopata makali. Mzee Rubeya anatoa umaskini kuwa sababu ya aibu yake, na umaskini ndiyo sababu ambayo madhehebu yake hayamkubalii. Ama ameifanya mali kuwa nasaba, ama ameificha nasaba nyuma ya mali kwa kuwa kuitaja wazi katika zama hizi ni aibu zaidi. Mwandishi hasemi ni lipi. Amemnyamazisha Mzee Rubeya, akampandisha chombo, akamwondoa katika hadithi. Ukimya huo ni usanii wa hali ya juu, na unapotea kabisa pale mwalimu anapoandika ubaoni "tofauti za kitabaka" na kupiga mstari.

Wala jambo hili si la kubuni. Watu wa Hadhramaut walipotawanyika katika Bahari ya Hindi walikwenda na swali la kufu mikononi. Huko Java liliwagawa kabisa: chama cha Al-Irshad kilianzishwa Batavia, Jakarta ya leo, mwaka 1914, baada ya Ahmad Surkati, mwanachuoni aliyetoka Sudani, kusema kwamba binti wa masharifu anaweza kuolewa kihalali na Mwislamu asiye sharifu. Upande wetu wa bahari hakukutokea chama, lakini maneno yalikuwapo, na yapo. Tukumbuke pia kwamba wengi wa Washihiri waliofika Mombasa na Unguja walifika wakiwa maskini hasa, wakachukua maji, wakapakua mizigo bandarini, wakauza kahawa kwa madele. Mzee Rubeya anamkimbia mkwe anayefanana na babu wa jirani zake, kama si babu yake mwenyewe.

Tena anakimbilia wapi? Yemeni ni katika nchi maskini kabisa za Waarabu, na mkusanyiko huu ulitoka mwaka 2016, mwaka mmoja baada ya vita vya huko kupanuka na watu kuvuka bahari kwa mashua kuja Djibouti na Somalia kutafuta usalama. Hatusemi kwamba mwandishi alikusudia vita. Huenda hadithi iliandikwa kabla. Tunasema kwamba msomaji wa leo anayaona mashua yakija huku wakati Mzee Rubeya anakwenda kule, na kwamba hadithi inaustahimili usomaji huo bila kupasuka.

Majina nayo yanafanya kazi ile ile. Waridi ni ua, na ni jina la binti aliyetunzwa. Rubeya ni jina linalosikika kutoka ng'ambo. Mashaka ni jina la mtu aliyezaliwa katika shida na kuambiwa hivyo kila anapoitwa. Biti Kidebe je? Jina la "biti fulani" humtambulisha mwanamke kwa baba yake, ndiyo desturi. Lakini baba huyu ni kidebe, chombo cha bati cha kupimia nafaka na kuchotea maji. Mahali pa nasaba pamewekwa bati. Mwandishi amekwisha kuisema kufu yote katika majina manne kabla ya ndoa kufungwa.

Hapa inafaa tuipime hadithi hii kwa kipimo cha nje. Mwaka 1954 Yusuf Idris, daktari wa Misri aliyekuja kuwa bingwa wa hadithi fupi ya Kiarabu, alitoa mkusanyiko wake wa kwanza, Arkhas Layali, yaani usiku wa bei rahisi kuliko yote. Katika hadithi iliyoupa mkusanyiko huo jina, Abdul Karim anatoka msikitini baada ya sala ya isha, analaani utitiri wa watoto uliojaa vichochoroni, hana senti ya kujiburudisha popote, na kwa kuwa hana pa kwenda anarudi nyumbani, anapita juu ya watoto wake waliolala, anamwendea mkewe. Baada ya miezi mtoto mwingine anazaliwa. Mada ni ile ile ya Mashaka: umaskini unaozaa watoto, na watoto wanaozidisha umaskini. Idris anamcheka mtu wake kwa huruma na hamwachi aseme neno moja la siasa. Ali Abdulla Ali ana huruma hiyo hiyo, lakini haamini kwamba tumeiona, na pale Mashaka anapogeuka kuwa msemaji wa maskini wote dhidi ya matajiri wote, hadithi inalegea. Kwa maoni yetu kisa kilikwisha kusema yote mlangoni, mtu aliporudi akakuta nyumba haina mke wala watoto. Kasoro hii si ya mwandishi peke yake. Hadithi inayoandikwa ikijua kwamba itaulizwa maswali darasani huanza kuyajibu maswali hayo mapema, na mikusanyiko yetu mingi ya shule ina ugonjwa huo.

Msikiti wa Abdul Karim unastahili kutazamwa tena. Ni mahali mtu anapotoka akiwa na hasira. Hakuna mafundisho, hakuna imamu mwema wala mwovu. Uislamu katika hadithi ile ni saa ya siku na njia ya kurudi nyumbani. Vivyo hivyo katika hadithi zetu, na anayezisoma akitafuta aya hataambulia kitu.

"Mame Bakari" ni fupi zaidi kwa mambo, ingawa fani yake ni ya kijasiri. Sara, msichana wa shule, ananajisiwa njiani anaporudi kutoka masomo ya ziada. Anapata mimba. Sehemu kubwa ya hadithi inapita ndani ya kichwa chake: anamwona baba akimuua, anamwona mkuu wa shule akimfukuza, anawaona watu wakimnyooshea kidole, na mengi ya hayo hayatokei. Wazazi wanapojua, wanasimama naye. Miongozo inazungumzia unyanyasaji wa kijinsia na "nafasi ya mwanamke", na ni kweli, lakini injini ya hadithi ni sitara. Katika jamii anamotoka Ghassany, kusitiri ni fadhila: anayemsitiri mwenziwe anatarajia kusitiriwa na Mungu. Ghassany anaigeuza fadhila hii na kutuonyesha upande wake wa ndani. Sara anajisitiri mwenyewe, peke yake, kwa hofu, na sitara isiyo na mwenzi inakuwa jela. Baba na mama wanapomzunguka, neno lile lile linarudi kwenye maana yake ya asili, yaani watu kumfunika mtu wao.

Kisha kuna jina. "Mame" ni kusema mama yake, kwa umbo la lahaja ambalo mwanafunzi wa Kawangware hulichukua kuwa kosa la chapa. Mama wa Bakari. Waarabu humwita mwanamke Ummu fulani, nasi pwani humwita mama fulani, na kuitwa hivyo ni kupandishwa cheo: mtu amekwisha kuwa na mahali katika jamii. Na Bakari ni Abubakari, jina la khalifa wa kwanza. Ghassany ameitanguliza heshima kwenye kichwa cha hadithi, juu ya hofu zote zinazofuata, hata kabla hatujajua kwamba itahitajika. Mwanafunzi akiambiwa haya, na yanasemeka kwa dakika 5, ataisoma hadithi nyingine kabisa.

Tukija kwenye hadithi ya Said A. Mohamed, mambo yanabadilika, kwa maana hapa Nairobi yenyewe inaingia. Madongoporomoka ni mtaa wa kubuni wa vibanda, na Mzee Mago ni mtetezi wa ardhi ya wanyonge na mwenye mkahawa. Jitu linaingia mkahawani, linakula chakula chote, na kuahidi kurudi kesho. Kesho yake zinakuja buldoza. Kwa msomaji wa Kangemi au Kawangware, ambaye anaviona vyumba vya Lavington ng'ambo ya barabara, hakuna istiari hapo, ni habari. Na katika Julai 2018, mwaka ule ule hadithi ilipotahiniwa kwa mara ya kwanza, buldoza ziliingia Kibera kuifungulia njia barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wapatao 30,000, kwa hesabu zilizotangazwa wakati ule, walibomolewa makazi yao, na shule nazo zikaangushwa. Walikuwapo miongoni mwa watoto wa shule za sehemu zile waliokuwa na kitabu hiki mkobani.

Kibera si mtaa wowote tu kwa mada yetu. Ardhi ile, zaidi ya ekari 4,000, ilitengwa mwaka 1918 kwa ajili ya askari Waislamu wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na wazao wao Wanubi wameishi hapo bila hati kwa karibu karne nzima. Mwaka 2017 walikabidhiwa hati ya jamii ya ekari 288. Jina lenyewe ni la Kinubi, lenye maana ya msitu. Kwa hiyo mji huu una mtaa wa Kiislamu wa zamani sana, ulioliwa kipande kwa kipande, upande wake wa kusini-magharibi, mwendo wa nusu saa kutoka vyumba vya mihadhara, na hatujapata kusikia mhakiki akiusoma mkahawa wa Mzee Mago akiwa na Kibera machoni. Tunatafuta Madongoporomoka Unguja kwa sababu mwandishi ni Mzanzibari.

Jambo la urithi hapa ni haki ya mgeni. Mgeni hulishwa; Mzee Mago hana njia ya kumzuia mlaji bila kuivunja adabu inayomfanya awe Mzee Mago. Said A. Mohamed ameijua methali ya mgeni siku mbili na siku ya tatu mpe jembe, nasi twaweza kusema jitu halikungoja siku ya tatu, lilikuja na jembe lake la chuma. Ulaji wenyewe umeandikwa kwa ustadi wa mtu aliyefurahia kuandika. Unacheka na unaogopa. Hata hivyo hadithi inatoa siri yake upesi mno. Msomaji akishajua jitu ni nani hana kazi nyingine, na kwa sababu hiyo tunaiweka chini ya "Ndoto ya Mashaka", ingawa mwandishi wake ndiye mkubwa kwa sifa. Atakayetaka kuiona nguvu ya Said A. Mohamed katika hadithi fupi aanze na Si Shetani si Wazimu ya mwaka 1985, iliyoandikwa bila darasa mlangoni.

Tunajua hoja itakayoletwa dhidi yetu. Watasema tunataka kuigeuza fasihi ya Kiswahili kuwa fasihi ya Kiislamu, na kumtwika mwanafunzi wa bara mzigo wa fikihi. Hatutaki hivyo. Mwandishi hafungwi na urithi wake: Rayya Timammy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika "Fadhila za Punda", ameandika ndoa ya Lilia na Luka, na hapana haja ya kumtafutia kadhi. Pale urithi usipokuwapo usitafutwe. Lakini pale ulipo, na hadithi inasimama juu yake, kumwambia mwanafunzi kwamba ni "utabaka" ni kumnyima kitu alicholipiwa karo. Mwanafunzi wa Kikuyu au wa Kiluo anajua vizuri sana maana ya ukoo kumkataa mkwe; akipewa neno kufu atalilinganisha mwenyewe na anayoyajua kwao, na ulinganisho huo ni elimu zaidi kuliko orodha.

Kikwazo kingine ni mpangilio wetu wenyewe. Katika vyuo vyetu Naguib Mahfouz na Tayeb Salih husomwa kwa tafsiri ya Kiingereza katika idara ya fasihi, pamoja na Leila Aboulela aliyepata Tuzo ya Caine ya kwanza mwaka 2000, na huko wanaitwa waandishi wa Kiarabu au wa Kiislamu bila taabu. Ali Abdulla Ali na Ghassany husomwa katika idara ya Kiswahili, ambako wanaitwa waandishi wa set book. Mwanafunzi mmoja anaweza kuhudhuria kote kuwili katika wiki moja na asiambiwe na yeyote kwamba Mashaka na Abdul Karim ni ndugu. Swali la mtihani la kuwaleta pamoja si gumu kutunga. Mlinganishe Mashaka wa Ali Abdulla Ali na Abdul Karim wa Yusuf Idris, ukionyesha ni yupi aliyepewa ruhusa ya kunung'unika na mwandishi wake, na ruhusa hiyo imemgharimu nini. Alama 20.